Nusu ya Ugali wa Naliaka

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu kliniki kuchanjwa. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi tukingoja zamu yetu, akapita mama mmoja na ndoo na tambara, akaanza kupiga deki. Ndani ya maji alikuwa ametia ile dawa kali ya hospitali, ile inayokwaruza koo kabla hujajua unanusa nini. Mjukuu wangu alifunika pua akacheka. Mimi sikucheka. Kwa muda kidogo sikuwa kwenye benchi lile kabisa. Nilikuwa Kitale, mtoto wa miaka minane hivi, miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji yenye maji, nimeshika koti la Baba kwa nyuma, namtafuta dada yangu kwa macho kati ya watoto ambao sikuwa nimewahi kuona mfano wao.

Nyinyi wa rika langu mnaikumbuka Kitale ya wakati ule. Mahindi ya Wazungu yalianza barabarani yakaenda mpaka macho yanachoka, na baba zetu wengi walipitia huko kwenye kazi. Baba yangu alikuwa akiendesha maksai wa kulima katika shamba moja nje ya mji. Alifanya kazi hiyo miaka mingi, kisha akaiacha, akarudi na Mama kwenye ardhi ya babu, upande wa Chwele, mahali ambapo asubuhi ukifungua mlango unaona Mlima Elgon umevaa wingu lake. Mimi nilizaliwa baada ya wao kurudi.

Katika nyumba yetu kulikuwa na jina moja lililosemwa kwa sauti ya chini. Jina hilo lilikuwa Naliaka. Mgeni akimuuliza Mama ana watoto wangapi, alitutaja sisi tuliokuwa mbele yake, halafu akasema, "Na Naliaka yuko Kitale." Mgeni akiuliza anafanya nini huko, Mama alijibu, "Analelewa na Wazungu." Kisha alisimama kwenda kuangalia jiko, hata kama hakukuwa na kitu jikoni.

Basi mimi nikajenga maana yangu mwenyewe. Kwangu, mtoto aliye Kitale kwa Wazungu, miaka nenda miaka rudi, alikuwa anasoma tu, hakuna jambo lingine. Nilimvika sare ya buluu na viatu vyeusi. Nilimpa kitanda cha chuma, na mkate wenye siagi kila asubuhi. Rafiki yangu Rispa aliponitambia kwamba kaka yake anasomea ukarani Kakamega, nilimwambia, "Huyo ni Kakamega. Dada yangu anasoma Kitale na watoto wa Wazungu. Akirudi hata Kiswahili atakuwa amesahau." Habari hiyo ilienea shule nzima. Watoto walinipa nafasi ya kukaa mbele. Niliipenda nafasi hiyo, sitaficha.

Siku moja asubuhi mwalimu wa kanisa alikuja nyumbani na barua. Baba alijua kusoma kidogo, lakini barua ya serikali alitaka isomwe na mtu mwingine, asije akakosea. Nilitumwa nikachume kunde. Nikachuma zile zilizo karibu na ukuta. Nilisikia maneno machache tu: kwamba mama Mzungu aliyekuwa mkuu wa nyumba ile ya Kitale amezeeka na anarudi kwao Ulaya, kwamba nyumba inafungwa, na daktari mpya anasema watoto warudi kwa watu wao wakaishi na watu, na kila mzazi aje kumchukua mtoto wake.

Nilitupa kunde chini nikaruka. Nilidhani amemaliza masomo.

Nilipoingia ndani, Mama alikuwa amekaa chini kabisa, mtoto mchanga mapajani, leso imefunika uso. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nilifikiri anacheka kwa furaha, nikakaa karibu naye nikacheka pia.

Mama hangeweza kusafiri, mtoto alikuwa na wiki tatu tu. Baba akaamua kwenda nami, kwa sababu msichana njiani huhitaji msichana mwenzake. Mama akanipa gauni alilolishona kwa mkono, kitambaa cha maua mekundu, limekunjwa vizuri ndani ya karatasi. "Mvike hili kabla hamjapanda gari," akaniambia. "Na umshike mkono. Usimwache." Nikalikunjua njiani kuliangalia. Lilikuwa dogo. Hata mimi lingenibana makwapani. Nilishangaa, maana Naliaka alikuwa mkubwa wangu kwa miaka mitano. Sikujua kwamba Mama alikuwa amemshonea mtoto aliyemwacha.

Tulipanda lori la mahindi, tukapita Kimilili, tukashikwa na mvua, tukafika Kitale tumelowa. Nilikuwa njia nzima najizoeza salamu ya Kiingereza. Nyumba yenyewe ilikuwa nyuma ya mji, bati jekundu, ua wa waya, majani yaliyokatwa vizuri. Nikaona kila kitu ni kama nilivyofikiri. Halafu mlango ukafunguliwa na ile harufu ikatoka.

Walikuwa kama ishirini. Wengine wamelala, wengine wamekaa kando ya ukuta. Wote vichwa vimenyolewa, wote wamevaa magunia meupe ya aina moja, huwezi kujua yupi msichana yupi mvulana. Mmoja alikuwa anajigonga kisogo ukutani polepole, kama mtu anayepiga ngoma akiwa na mawazo mengine. Mwingine alinijia akanishika nywele akacheka. Nilijificha nyuma ya Baba. Niliuliza, "Baba, wale wanaosoma wako wapi?"

Baba alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

Mhudumu alikuwa mama mmoja mnene wa huko kwetu Bungoma, jina lake Mama Rasoa. Alimleta msichana mrefu, mwembamba, aliyetembea akiangalia sakafu. "Huyu ndiye wenu," akasema. "Hana fujo. Haongei, lakini anasikia vizuri. Chakula mpigie kengele, bila kengele hali. Amezoea hivyo. Na huyu hapa mdogo asiwasumbue, nitamtoa."

Ndipo nikaona kwamba kulikuwa na mwingine. Mtoto wa kike mdogo, labda miaka sita, mikono imepinda kwa ndani kama kucha za kuku, amejikunja kwenye gunia alilovaa Naliaka na kulishika kwa meno. Ndiyo, kwa meno.

"Ni wa nani?" Baba aliuliza.

"Hatujui watu wake. Aliachwa kwenye ngazi za hospitali siku ya Jumapili, tukamwita Jumapili. Vitanda vyao vimekaribiana. Hawa wamelala pamoja, wamekula pamoja, miaka yote hii."

"Sasa ataenda wapi?"

"Wanasema kuna nyumba kubwa Nairobi, yenye ukuta. Wasio na watu watapelekwa huko."

Baba aliangalia chini. Mama Rasoa alimtoa yule mtoto pole pole, akimfungua taya kwa kidole. Hakulia kama watoto wanavyolia. Alitoa sauti moja nyembamba, akaendelea nayo. Mimi nilikuwa nimeshika lile gauni dogo, halimtoshi yeyote wetu, na Baba akalichukua mikononi mwangu akamwekea Jumapili kifuani. Tukatoka. Ile sauti ilitufuata mpaka kwenye lango, na Naliaka alitembea akigeuza shingo nyuma, mpaka tulipopinda kona.

Njia nzima ya kurudi nililia. Baba alifikiri namhurumia dada yangu. Nilikuwa najililia mimi mwenyewe, nafasi yangu ya mbele, na uongo ambao sasa kila mtu angeuona.

Nilivyoogopa ndivyo ilivyokuwa. Kesho yake tu, Rispa alikuja na wengine watano. Walisimama uani wakamtazama Naliaka, ambaye alikuwa anatembea kutoka kwenye ghala kuelekea mtoni. Alikwenda hatua kumi na moja, akageuka kama mtu aliyefika ukutani, akarudi hatua kumi na moja.

"Ati huyu ndiye?" Rispa aliniuliza. "Si ulisema anasoma?"

Nikachora udongo kwa kidole cha mguu.

"Mwambie aongee Kizungu basi, tusikie."

Wakacheka. Nilimchukia Rispa, lakini nilimchukia Naliaka zaidi. Nilimwomba Mungu, kwa maneno yale yale tuliyofundishwa kanisani, amrudishe alikotoka.

Kukhu, ndivyo tulivyomwita mama yake Baba, hakuwa na haraka na jambo lolote. Alikuwa mzee wa meno matatu na kiko cha tumbako ya Malakisi, na alimtazama Naliaka jinsi alivyotazama ng'ombe mgeni, kwa kumwacha kwanza. Siku mbili Naliaka hakula. Mama alimbembeleza, akamwimbia, akamsogezea kijiko mdomoni, wapi. Kila Naliaka alipofunga mdomo, Mama alisogea nyuma kama amepigwa. Siku ya tatu nilikumbuka kengele, nikasema. Kukhu akachukua kifuniko cha sufuria na mwiko, akakipiga mara tatu mpaka kuku wakaruka. Naliaka akaja, akakaa, akanawa mikono, akala.

"Alaa!" Kukhu alisema. "Kumbe ni hivyo tu."

Tangu hapo alipiga kifuniko kila mlo. Lakini nilikuja kuona kwamba kila siku alipiga taratibu kidogo kuliko jana. Baada ya wiki kadhaa alikuwa anagusa tu, tiki, kama mtu anayegonga yai. Halafu ikafika siku hakugusa kitu, aliweka ugali chini na kusema, "Naliaka, njoo tule," naye akaja. Hakuna aliyepiga makofi. Mama aliondoka akaenda nyuma ya nyumba, na aliporudi alikuwa amenawa uso.

Na zile hatua kumi na moja pia. Kukhu alikwenda kusimama pale anapogeukia, akamshika mkono, akasema, "Hakuna ukuta hapa, mama," akamvuta hatua ya kumi na mbili. Kesho yake ya kumi na tatu. Mpaka wakafika kwenye shamba la njugu, na Naliaka akakaa kwenye udongo akaanza kung'oa, na kumbe mikono ile ilijua kazi. Alichambua njugu siku nzima, kubwa huku, ndogo huku, bila kukosea. Wanawake wa jirani wakaanza kumwita wakati wa kupura maharagwe. Walimpa nafasi kati yao, wakaongea juu ya kichwa chake habari za waume zao, wakijua kwamba hatasema.

Ningeweza kusema kwamba hapo mambo yakawa mazuri. Lakini kulikuwa na jambo la ugali.

Naliaka alipopewa chakula, kitu cha kwanza alichofanya ni kukata tonge lake kubwa katikati. Nusu moja alikula. Nusu nyingine aliiweka chini, upande wake wa kushoto, akaifunika na kiganja, akangoja. Alitazama mahali pale pasipo na mtu. Baadaye alitoa mkono, na kuku wakaja wakala. Alifanya hivyo asubuhi, mchana, kila siku. Mama alijaribu kumwongezea chakula, akidhani atakula chote. Akakata katikati hicho pia.

Mama yake Rispa ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. Alikuja kuazima ungo, akamwona, akasimama. "Mama Nanjala," alimwambia Mama, maana Nanjala ndilo jina langu, "huyu mtoto wako anamlisha nani?"

"Ni mazoea tu."

"Mazoea gani? Anaona mtu pale. Analisha wafu huyu."

Neno likatembea. Wanawake wa maharagwe wakaacha kumwita. Wazee wa kanisa walikuja wakaomba, wakamwekea mikono kichwani, na Naliaka, alipomaliza kuombewa, alipewa ndizi akaikata katikati. Mzee mmoja wa ukoo akamwambia Baba waziwazi, "Uliambiwa kuna nyumba Nairobi. Kwa nini usimpeleke pamoja na wenzake? Hapa utatuletea mabaya."

Nilikuwa nyuma ya ghala, mchana, napukuchua mahindi, nilipomsikia Baba akimwambia Mama, "Labda wanasema kweli. Labda huko wangemwelewa." Nikamsikia Mama akisimama kwenda kuangalia jiko. Mwendo ule niliujua. Ni ule ule aliokuwa nao wageni walipouliza kuhusu Kitale. Nami, niliyekuwa nimeomba aondoke, nikawa kama mtu aliyerusha jiwe kwa mchezo akasikia limepasua kitu.

Hata mimi niliamini yupo mtu pale kushoto. Nilimwogopa sana. Nilikuwa nimempa hata umbo: mtoto mweupe asiye na macho. Sikupita upande ule wa Naliaka, niliruka mbali.

Siku moja wakubwa wote walikuwa shambani wakipalilia, tukaachwa wawili na mtoto mchanga aliyelala. Nilimpa Naliaka chakula. Akakata, akaweka, akafunika, akangoja. Sijui nini kiliniingia. Nadhani nilichoka kuogopa. Nilienda nikakaa palepale, kushoto kwake, juu ya mahali pa yule mtoto asiye na macho, ili nimfukuze au anile, yaishe.

Naliaka alinigeukia. Alichukua ile nusu, akaikanda kwa vidole mpaka ikawa laini, akaninyanyua kidevu kwa mkono wa kushoto, akanitia mdomoni. Alingoja nimeze. Akakanda nyingine. Mikono yangu nilipotaka kuiinua, aliirudisha chini taratibu na kuikunja kifuani pangu, kwa ndani, kama kucha za kuku. Akanilisha mpaka ikaisha. Kisha akanifuta mdomo kwa pindo la gauni lake na kuniwekea pindo lile katikati ya meno.

Nikalishika. Nikakaa hivyo nimeliuma, machozi yananitoka, kwa sababu nilikuwa nimemwona ni nani.

Niliwaacha pale nikakimbia mpaka shambani. Nilifika sina pumzi. "Ni Jumapili!" nikasema. "Si mfu! Ni yule wa Kitale! Anamwekea chakula Jumapili, hawezi kula mwenyewe, mikono yake haiwezi!"

Baba alisimama na jembe. Mama akasema, "Jumapili ni nani?" Kumbe Baba hakuwa amemwambia. Akamweleza sasa, katikati ya mahindi, kwa sauti ndogo: yule mtoto, gauni, meno, ile sauti iliyotufuata mpaka langoni.

Kukhu alitoa kiko mdomoni. "Kwa hiyo mlitoa mmoja mkamwacha mwenzake."

"Mama, yule si damu yetu," Baba alisema.

"Na Naliaka alipokuwa huko, alikuwa damu ya nani? Ni nani wa damu yake aliyekuwa anamngoja wakati wa kula? Mimi? Wewe?"

Baba alikata jani la hindi akalikunja, akalikunja tena. Alisema habari za chakula, za nyumba ndogo, za watu watakavyosema, mmoja amewashinda, wawili je. Yote yalikuwa kweli. Halafu Mama akaongea. Sikuwa nimewahi kumsikia akimkatiza Baba.

"Alikuwa na miaka minne," Mama alisema. "Alikuwa na degedege, memsabu wa nyumba ile akasema watampa dawa, niende tu kazini, nitamkuta amepona. Nikampa. Alikuwa ananishika shingo, nikamtoa mikono. Kisha tukahama tukamwacha, tukasema anatunzwa vizuri. Miaka tisa. Wewe unajua nimekula vipi miaka hiyo? Nenda ukamlete huyo mtoto."

Baba aliweka jembe begani akaenda nyumbani kutafuta koti.

Alikaa siku nne. Chifu alitaka barua kwanza, na Kitale pia walitaka barua, wakamuuliza mara tatu kama ana hakika, maana walizoea watu wanaokuja kuacha, si kuchukua. Mama Rasoa ndiye aliyemsaidia, akamwonyesha mahali pa kuweka kidole. Gari la Nairobi lilikuwa limepangwa wiki iliyofuata.

Walifika mchana, mvua kubwa imeanza. Baba alikuwa amembeba mgongoni ndani ya koti, miguu inaning'inia, na chini ya koti niliona maua mekundu. Gauni la Mama lilikuwa limemtosha kabisa. Mama alitoka mvuani kuwapokea. Lakini Naliaka alimpita Mama, akampita Kukhu, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Baba, akamtoa yule mtoto mgongoni kama mtu anayetua mzigo wake mwenyewe. Akamkalisha kwenye mkeka, kushoto. Akatutazama sisi sote. Ilikuwa mara yake ya kwanza kututazama machoni. Nafikiri alikuwa anauliza chakula kiko wapi.

Kukhu akasema Jumapili ni siku, si jina la mtu, na kwa kuwa ameingia na mvua, ataitwa Nafula kama watoto wengine wanaozaliwa mvua ikinyesha. Basi akawa Nafula.

Maisha hayakuwa rahisi. Nafula hakuweza kutembea, na mimi nilimbeba mpaka mgongo wangu ukajua uzito wake. Kulikuwa na siku za kifafa, siku za nguo za kufua zisizoisha, siku ambazo Baba alikaa nje peke yake. Lakini wanawake wa maharagwe walirudi, mmoja mmoja, na mama yake Rispa alikuwa wa mwisho, akaja na boga kubwa akaliweka mlangoni. Rispa mwenyewe alijifunza kumlisha Nafula, na akajisifu shuleni kwamba anamweza kuliko mimi. Nafula alikaa nasi miaka saba. Kifua kilimsumbua wakati wa baridi, na baridi moja kilimchukua. Amezikwa kwetu, karibu na Kukhu. Naliaka aliishi akazeeka, akachambua njugu zetu zote, akatunza watoto wangu wakiwa wachanga, akafa usingizini akiwa na nywele nyeupe. Neno hakusema kamwe. Watu wa Chwele walimjua kwa jina, na akipita sokoni walimwita wampe tunda, wakisahau tayari kwamba waliwahi kumwogopa.

Ninapowakumbuka, siku inayonijia kwanza ni ile ya kanisani, muda mfupi baada ya mvua ile. Nafula alikuwa anabatizwa. Kanisa lilijaa, wengine walikuja kuona tu. Kukhu, ambaye hakuwa Mkristo na alisema waziwazi hana mpango huo, alikuja siku ile na kukaa mstari wa mbele, amekificha kiko ndani ya leso. Mchungaji alifungua daftari lake, akauliza, kama anavyouliza kwa kila mtoto, ni nani anayesimama kama mzazi wa mtoto huyu.

Mama alisimama kabla swali halijaisha, mtoto mgongoni. Baba naye akasimama, kofia mikononi. Kukhu akajishika kwenye benchi akainuka. Naliaka, alipoona watu wake wote wamesimama, akasimama, amemkumbatia Nafula kifuani. Mimi nikasimama pia, ingawa nilikuwa mtoto na hakuna aliyeniuliza.

Mchungaji alitutazama, kalamu mkononi. "Mzazi mmoja anatosha," akasema.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekaa.